Kura Iko Unguja, Simu Iko Wattaya

Hapa Wattaya, Maskati, hakuna kituo cha kupigia kura ya Zanzibar. Wengi wetu ni raia wa Oman, na hata mwenye pasi ya Tanzania hapigi kura akiwa nje ya nchi. Lakini kila baada ya miaka mitano, Oktoba ikikaribia, mtaa huu unaingia kwenye kampeni mzimamzima. Mazungumzo ya baada ya isha yanakuwa ya Unguja na Pemba. Voisi zinapokezana usiku kucha. Makundi ya ukoo ya WhatsApp, ambayo miezi mingine ni ya tanzia, harusi na dua za wagonjwa, yanageuka kuwa ofisi za vyama.

Nataka kusema na wenzangu tunaokaa huku, wa Wattaya, Ruwi, Seeb mpaka Sur, juu ya namna ya kupunguza nguvu ya propaganda na uzushi katika uchaguzi ambao sisi hatupigi kura lakini tuna mkono ndani yake. Uzushi unapita zaidi kwa udugu kuliko kwa hoja. Mtu anaamini kwa sababu aliyemletea ni shangazi yake au ami yake, na sisi ndio hao mashangazi na maami. Tukizuia mikono yetu, uzushi unapoteza njia yake kubwa ya kuingia majumbani.

Tazama safari ya voisi moja. Inarekodiwa na mtu asiyejitaja jina, anayezungumza kwa pumzi za haraka kama aliyetoka mbio, akisema masanduku ya kura yamekamatwa mahali fulani. Mchana inaingia kwenye kundi la ukoo hapa Maskati. Khalati anaifowadi kwa mpwa wake Wete. Mpwa, kwa kuwa imetoka kwa khalati, anaiweka kwenye kundi la watu aliosoma nao skuli. Jioni inarudi Wattaya kupitia mkono mwingine, na sasa tunaambiwa habari hii imetoka Pemba. Hapo hata waliokuwa na shaka mchana wanaamini, maana imetoka nyumbani. Kumbe ni ileile tuliyoituma sisi wenyewe, imezunguka bahari na kurudi ikiwa na sura ya ushahidi.

Swali la kukata mzunguko huo ni moja: nani aliyeona kwa macho yake, na alikuwa wapi alipoona? Sisi tumelelewa na elimu inayouliza isnadi. Hadithi isiyo na mnyororo wa wapokezi wanaojulikana, wanachuoni waliiweka pembeni hata kama maneno yake ni mazuri. Na aya ya sita ya Sura ya Al-Hujurat inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Iweje mtu mwenye elimu hiyo apokee sauti ya asiyemjua, juu ya jambo linaloweza kumwaga damu, na kuipitisha kwa watu arobaini kabla kahawa haijapoa? Ukiuliza nani aliyeona, na jibu likawa "imetumwa kwenye grupu", basi huna habari. Una sauti tu.

Neno la mtu wa Maskati lina uzito kule nyumbani, na uzito huo haukutokana na kujua kwetu siasa. Umetokana na mabati tuliyoezekea nyumba, ada za skuli, fedha za Idi na za mgonjwa. Umetokana pia na umri, kwa kuwa wazee wengi wa koo zetu wako huku. Juu yake kuna imani kwamba aliye nje anapata habari zinazofichwa ndani. Kijana wa Mkoani akisikiliza voisi aliyotumiwa na shangazi yake, haipimi ile voisi, anampima shangazi. Mtengeneza propaganda analijua hilo. Hahitaji kuwashawishi watu laki moja. Anahitaji mtu mmoja anayeheshimiwa katika kila ukoo, kisha heshima ya mtu huyo ifanye kazi iliyobaki bila malipo.

Na gharama hatulipi sawa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inamtishia anayechapisha habari za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Intaneti iliporudi mwanzoni mwa Novemba 2025 baada ya kuzimwa siku ya uchaguzi, wenye simu nchini Tanzania walipokea ujumbe wa polisi ukiwaonya wasisambaze picha na video za kuzusha taharuki au kudhalilisha utu. Nasi tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Oman, Amri ya Kifalme namba 12 ya 2011, inayomgusa anayesambaza kinachovuruga nidhamu ya umma, na wako wanaodhani haiwahusu kwa kuwa wanazungumza siasa ya nchi nyingine. Lakini zaidi ya sheria, fikiria simu. Video uliyomtumia mpwa wako kwa uchungu wako inakaa kwenye simu yake, inapita naye kwenye kizuizi cha askari, inaonekana na jirani wa chama kingine. Wewe uko Wattaya umelala na kiyoyozi. Basi adabu ya kwanza ni kumwuliza kabla: nikutumie au nisikutumie? Akisema asitumiwe, usimwone mwoga. Yeye ndiye anayekaa huko.

Tusidhani jambo hili limeletwa na simu. Wale waliokuwa na akili zao Unguja kati ya 1957 na 1964 wanakumbuka Zama za Siasa vizuri kuliko wanavyotaka kukumbuka. Gazeti la Mwongozi lilikuwa la upande mmoja, Afrika Kwetu la upande wa pili, na Radio Cairo ilikuwa ikiingia majumbani kwa Kiswahili. Watu waligomeana madukani na mazikoni. Siku ya uchaguzi wa Juni 1961, tuhuma za wizi wa kura zilienea vituoni tangu asubuhi, zikatoka mjini zikaenda mashamba, na kwa siku chache watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu wa mashamba ambao hawakuwa na habari ya kilichotokea kwenye foleni za mjini. Tuhuma ilisafiri kwa mdomo na kwa baiskeli, lakini ilifika. Kisha yakaja mapinduzi ya Januari 1964, na sauti ya kiongozi wake John Okello redioni, ya vitisho na idadi za kutia hofu. Kuna wazee hapa mtaani ambao hawajasahau namna sauti moja isiyo na uso ilivyoweza kuvunja moyo wa mji mzima.

Ndiyo maana sisi ni rahisi kuingiwa. Kila nyumba hapa ina jeraha lake. Wako wenye jeraha la 1964. Wako waliokuja baadaye, wenye jeraha la Pemba ya Januari 2001, watu walipopigwa risasi katika maandamano na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa ngalawa. Wako wenye jeraha la 2015. Propaganda iliyotengenezwa kwa ustadi haituletei habari mpya. Inabonyeza pale panapouma. Ukisikia voisi inasema "wanataka kuturudishia 1964", au kwa upande wa pili "Waarabu wanataka kurudisha usultani", ujue aliyeitengeneza hakuwa akitafuta kukujulisha kitu. Alikuwa akitafuta kidonda.

Kwa hiyo kila mmoja aujue udhaifu wake. Kaa peke yako ujiulize: ni habari gani nikiisikia naiamini mara moja bila kuuliza? Habari ya aina hiyo ndiyo uicheleweshe zaidi. Mimi nashauri kanuni nyepesi kwa watu wa dini yetu: ujumbe wowote wa siasa uliokutetemesha, usiufowadi mpaka uwe umeswali sala inayofuata, na ukiwa umekuja usiku, mpaka alfajiri. Uzushi mwingi wa siku za uchaguzi haufiki asubuhi. Unakuwa umekanushwa, au umegongana na uzushi mwenzake. Na habari ya kweli haiharibiki kwa kulala usiku mmoja.

Kuna propaganda ya aina nyingine inayotushinda hata sisi tunaojiona wasomi, nayo ni ile iliyojengwa kwa takwimu za kweli. Mfano uko kwenye historia yetu wenyewe. Uchaguzi wa Julai 1963 ulikuwa na viti 31. Chama cha Afro-Shirazi kilipata takriban asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu. Chama cha Hizbu na mshirika wake ZPPP kwa pamoja walipata viti 18 na wakaunda serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba mwaka huo. Kwenye baraza moja utasikia asilimia 54 peke yake, na hitimisho kwamba watu walidhulumiwa. Baraza la pili utasikia viti 18 peke yake, na hitimisho kwamba kila kitu kilikuwa halali na hapakuwa na la kulalamikia. Namba zote mbili ni sahihi. Kilichofichwa ni namna majimbo yalivyogawanywa, yaani chama kimoja kurundika kura nyingi katika majimbo machache huku wapinzani wake wakishinda kwa tofauti ndogo katika majimbo mengi. Miaka zaidi ya sitini imepita na bado watu wanarushiana nusu mbili za ukweli mmoja. Ukiletewa asilimia, uliza viti. Ukiletewa viti, uliza kura. Ukiletewa "tumeshinda Unguja Mjini", uliza ni majimbo mangapi kati ya mangapi.

Siku za hatari kuliko zote ni zile kati ya kufungwa vituo na kutangazwa matokeo. Mwaka 2015 zilitupasua. Kura zilipigwa tarehe 25 Oktoba. Tarehe 26 mgombea wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, alijitokeza na hesabu za chama chake akisema ameshinda. Tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wote, na ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016 bila CUF kushiriki. Katika siku zile tatu kila kundi la WhatsApp hapa Maskati lilikuwa na matokeo yake, yenye nukta za desimali, yasiyo na kituo hata kimoja kilichotajwa. Watu walisherehekea, wakanuna, wakagombana na mashemeji zao kwa ajili ya jedwali ambalo hakuna aliyejua limeandikwa na nani.

Matokeo yana alama zake. Yana jina la kituo au jimbo, yana fomu, yana saini za msimamizi na mawakala. Jedwali lisilo na hayo, hata likiwa na nembo ya tume, ni mchoro. Wenzetu wa Kenya walionyesha mwaka 2022 kwamba jambo hili linawezekana kwa kiwango kikubwa: tume yao iliweka mtandaoni fomu za 34A kutoka vituo zaidi ya elfu 46, na yeyote mwenye subira na karatasi aliweza kujumlisha. Uzushi haukuisha, lakini aliyetaka kuupima alikuwa na kipimo. Palikuwa na somo jingine pia. Vyombo vya habari vilianza kujumlisha fomu tofauti, hivyo televisheni moja ilimwonyesha William Ruto yuko mbele na nyingine ikamwonyesha Raila Odinga. Watu wengi walisema mmoja anadanganya. Wote walikuwa wakihesabu sawasawa, ila walikuwa hawajamaliza. Zanzibar tumezoea kutangaziwa matokeo ya majimbo na jumla kuu, kwa hiyo mwenye ndugu aliye wakala wa chama, chama chochote, amwombe jambo moja tu: picha ya fomu iliyobandikwa kituoni kwake, pamoja na jina la kituo. Fomu moja ya kweli ina faida kuliko majedwali mia.

Sasa niseme juu ya giza. Mwaka 2020 Twitter na mitandao mingine ilibanwa Tanzania wakati wa uchaguzi. Mwaka 2025, tarehe 29 Oktoba, intaneti ilizimwa kwa siku kama tano, huku Dar es Salaam ikiwekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Serikali inayozima mtandao kwa hoja ya kuzuia uongo inaupa uongo soko lake bora, kwa sababu watu wenye njaa ya habari wanakula chochote. Siku zile tano sisi wa nje ndio tuliokuwa na sauti, na tulikuwa hatujui kitu. Hapo ndipo ilipohitajika nidhamu zaidi, na hapo ndipo ilipopatikana kidogo.

Likitokea tena, piga simu ya kawaida badala ya kungoja data. Uliza kwanza hali za watu: nani mgonjwa, nani hajarudi nyumbani, chakula kipo? Usimhoji ndugu yako siasa kwenye laini ya simu. Andika saa uliyozungumza naye. Ukirudi kwenye kundi, sema kile tu ulichoambiwa na mtu aliyekuwepo, utaje eneo lakini usimtaje jina wala kazi yake. Na kama hamjapata mtu, andikeni "hatujui bado". Maneno hayo ni magumu kuyaandika mbele ya watu arobaini wanaolia, lakini ni maneno ya kweli, na kundi linalozoea kuyasema linakuwa gumu kudanganywa.

Hapa naomba tuelewane vizuri, maana iko hatari ya pili. Katika siku zilizofuata uchaguzi wa Oktoba 2025 zilitoka video za watu waliopigwa risasi na maiti zilizolala barabarani, na walitokea wepesi wa kusema zote ni za kutengenezwa. Kumwambia mama aliyefiwa kwamba msiba wake ni uzushi ni propaganda pia, tena ya kikatili kuliko nyingine. BBC na CNN walizichunguza baadhi ya video hizo, wakalinganisha majengo, barabara na vivuli na picha za maeneo yenyewe, wakathibitisha mahali zilipopigwa. Njia hiyo ndiyo ya kufuata: habari ya kutisha isikataliwe kwa sababu inatisha, wala isikubaliwe kwa sababu hiyo. Ukiwa na video ya kweli aliyokupa aliyeipiga, hifadhi faili la asili kama lilivyo, usiliongezee maandishi wala muziki, usilipitishe kwenye makundi, na umfikishie mwandishi au shirika la haki za binadamu lenye uwezo wa kulithibitisha na kumlinda mtoaji. Idadi ya waliouawa ilitajwa tofauti sana na kila upande. Ukitaja idadi, taja na aliyehesabu. Anayezidisha hesabu ya maiti anamsaidia anayetaka kuikanusha yote.

Vijana watasema tuna programu za kutambua uongo. Zipo, lakini msizitegemee sana, hasa kwa sauti. Slovakia, siku mbili kabla ya uchaguzi wa tarehe 30 Septemba 2023, ilisambazwa sauti ya kiongozi wa chama cha upinzani Michal Šimečka akizungumza na mwandishi wa habari juu ya kuiba kura. Wote wawili walikanusha, na wachunguzi walikuta dalili za akili mnemba. Ilitolewa ndani ya saa ambazo sheria ya nchi ile inakataza kampeni, ili kuijibu kuwe kugumu. Zingatieni wakati ule kuliko ufundi wenyewe: sauti nzito inayofika saa chache kabla ya kura, pasipo nafasi ya kuijibu, ina kesi ya kujibu kabla hujaisikiliza. Sikio la mzee wa miaka sabini, akisikiliza kwenye spika ya simu ndani ya gari, halitaweza kutofautisha sauti ya Maalim wake na ya mashine. Usipoteze muda kubishana kama lafudhi ni yenyewe. Acha ile sauti, nenda kaangalie kwingine: chama chenyewe kimesemaje? DW na BBC za Kiswahili zimeigusa? JamiiCheck, Nukta Fakti, PesaCheck au Africa Check wameichunguza? Kwa picha na video, chukua skrinishoti uitafute kwa Google Lens. Mara nyingi itakuonyesha ilikotoka na mwaka wake. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 8 Agosti 2017 zilienea video zenye nembo za BBC na CNN zikitoa kura za maoni ambazo mashirika hayo hayakuwahi kuzitangaza. Aliyefungua tovuti ya BBC yenyewe alijua kwa dakika moja.

Uchaguzi uleule wa 2017 unatukumbusha pia kwamba siyo kila uzushi ni wa shabiki mwenye hasira. Tovuti na video za kumtisha mpiga kura wa Kenya juu ya Raila zilihusishwa na kampuni ya matangazo ya Texas, Harris Media. Watu wasiojua kusema "habari gani" walilipwa kutengeneza hofu ya Wakenya. Aliyefowadi pale Kisauni, Mombasa, hakulipwa kitu.

WhatsApp imeweka alama ambayo wazee wengi hawaijui. Mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umeshapita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia, na ndiyo maana tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unatumwa kwa mtu au kundi moja tu kwa mara moja. Wafundisheni wazazi wenu kuitambua. Wafundisheni pia kwamba kukosekana kwake si usalama, kwa sababu anayehifadhi video na kuipandisha upya anaifuta alama hiyo.

Kazi ngumu kuliko yote ni kumrekebisha mkubwa wako. Kijana akiandika kwenye kundi, mbele ya wakwe na wajukuu, kwamba bibi ametuma uongo, bibi hatafuta. Atatuma nyingine tatu kuonyesha hakukosea. Nenda pembeni. Mpigie, au ukae naye, uanze kwa salamu na hali. Kisha useme kitu kama hiki: "Shikamoo khalati. Ile voisi ya asubuhi nimeiona imekuuma, hata mimi imeniuma. Nimempigia fulani wa Chake, yuko palepale, anasema soko liko wazi na watu wananunua samaki. Ungetuambia wewe mwenyewe kwenye grupu, watoto wangetulia, maana wewe wanakusikiliza." Umemwachia heshima yake, na umempa kazi ambayo ni yeye tu anayeiweza. Mara nyingi ataifanya.

Unapokanusha, anza na ukweli na umalizie na ukweli, na ule uongo uutaje kidogo tu katikati. Watafiti wa saikolojia walionyesha tangu 1977 kwamba sentensi inayorudiwa inaanza kuonekana ya kweli kwa sababu tu imezoeleka masikioni. Kwa hiyo usiitume tena ile voisi ili kusema ni ya uongo, wala skrinishoti yake yenye mstari mwekundu ambao mtu atausahau huku picha ikimbaki. Sema "soko la Chake liko wazi, nimezungumza na mtu aliye sokoni", inatosha.

Na haya yasingoje Oktoba ya 2030. Wakati wa joto hakuna anayekubali masharti. Wakenya wanapiga kura Agosti 2027, na wengi wetu tuna watu Mombasa na Lamu. Mwaka huohuo unamalizika muhula wa miaka minne wa Majlis al-Shura tuliyoichagua Oktoba 2023 kwa programu ya simu, kura ambayo ni yetu kabisa, na ambayo nayo ina fitina zake za kabila na mtaa. Tuutumie mwaka huo kama mazoezi. Msimamizi wa kila kundi la ukoo awaite watu mezani sasa. Kubalianeni kwamba kundi la ukoo si la siasa. Anayetaka siasa afungue lake na aingie anayetaka. Kubalianeni kwamba kuanzia siku moja kabla ya kura mpaka matokeo rasmi, wasimamizi peke yao ndio watakaoweza kuandika. WhatsApp ina mpangilio huo. Chagueni watu wawili wa kuhakiki, mmoja anayejulikana kuwa wa CCM na mmoja wa ACT-Wazalendo, na habari ipite pale tu wote wawili wakisema wameipata kwa mtu aliyekuwepo. Watachelewa, na wacha wachelewe.

Riali tano zinazoliwa kwenye kahawa na halua za baraza la siasa zinunue bando la mwezi kwa binti mmoja wa ukoo aliye Pemba, anayejua kusoma na mwenye moyo mtulivu, ili aweze kufungua tovuti badala ya kutegemea zile klipu zinazoingia bure. Mumpigie yeye kwanza. Na mwandike orodha ya majina ya ndugu walio Unguja, Pemba na bara ambao hawataki kupokea siasa kwenye simu zao, mtumishi wa serikali, mwalimu, mwenye mtoto jeshini, muulizeni kila mmoja wao kwa kauli yake, na muiweke kwenye maelezo ya kundi ambapo kila anayeingia ataisoma.